Mfereji wa Mama Daisy

Wiki ya tano tangu mifereji ya mtaa wa Mwakingali, mjini Voi, ikauke, Jumanne saa nne asubuhi, Mkamburi alimaliza kukatakata kuku, akaweka kisu kando, akaanza kuiogopa mikono yake. Binti yake Daisy, wa miaka mitatu, alikuwa sakafuni akichezea vifuniko vya sufuria. Mkamburi aliamini kwamba akimgusa kabla ya kunawa mara saba, mtoto atakufa. Alijua pia kwamba si kweli. Alikuwa ameishi na mambo hayo mawili miaka mitatu, na hakuna lililowahi kulishinda jingine.

Maji ya beseni yalikwisha akiwa ananawa mara ya nne. Kwa mazoea akafungua mfereji wa jikoni, na maji yakatoka, baridi kama ya kwao Werugha, milimani. Alinawa, akapotewa na hesabu, akaanza upya. Alipofika saba maji yakakoma yenyewe.

Jirani yake Margaret aliyasikia kupitia ukutani. Alikuja na mtungi wa lita ishirini, akafungua mfereji, ukatoa upepo. Akamwomba Mkamburi aingize mikono karoni, chini ya mfereji. Maji yakaja. Margaret akajaza, akashukuru, akaenda kuwaita wengine.

Hakuna aliyeuliza maswali mengi. Kufikia Ijumaa foleni ilitoka jikoni hadi getini, na Margaret aliandika zamu kwenye daftari ili watu wasigombane. Maji yalipita vidoleni mwa Mkamburi yakaingia mitungini, na watu waliyanywa bila wasiwasi, kwa kuwa Voi nzima hapakuwa na mikono safi kuliko hiyo. Lakini waligundua upesi kwamba akitulia, mfereji unakauka. Ilibidi aogope. Kwa hivyo kila mwenye zamu alimkumbusha kwa upole.

"Mama Daisy, si uliigusa ile kuku?"

Au alisema kwamba amemsikia mtoto akikohoa. Kisha aliusogeza mtungi wake.

Mumewe Josphat, fundi wa mitambo katika shamba la mkonge, alirudi Jumamosi akaona ngozi ya vidole vya mkewe imepasuka. Mkamburi akamwambia kwamba hayuko sawa. Josphat alijibu kwamba kuna wanaume wanaolia kwa sababu ya wake wachafu, na yeye hajawahi kukuta hata mchanga kwenye mboga. Margaret alisema hata yeye yuko hivyo hivyo, hawezi kulala na sufuria chafu. Mkamburi akawaeleza kwamba hapendi usafi. Akawaambia waangalie chini ya kitanda chake, hapajafagiliwa tangu Pasaka, kwa sababu mikono yake haina nafasi. Wakacheka kidogo. Kanisani, mzee wa kanisa alimshukuru Mungu kwa kipawa chake.

Jumatatu alikwenda kliniki, akapelekwa kwa mshauri aliyeitwa Reuben. Huyo hakumuuliza habari za usafi.

"Usiponawa, unaogopa nini kitatokea?" aliuliza.

Mkamburi alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti, na alisema akiutazama mlango. Reuben hakushtuka. Alimweleza kwamba huo ni ugonjwa wa hofu, na kwake hofu imeshika sabuni tu. Kuna wanaorudi kukagua kufuli mara ishirini, kuna wanaorudia sala moja hadi koo likauke. Kuwaza mtoto amekufa si kumtakia kifo. Dawa yake ilikuwa kugusa anachokiogopa na kukaa bila kunawa, hofu ipande, kisha ishuke yenyewe. Waanze na dakika tano.

Dakika hizo tano ploti yao nzima ya nyumba za kupanga haikuwa na maji. Watu walisimama dirishani na mitungi, wakatazama saa pamoja naye. Dakika tano zikawa kumi, zikawa ishirini. Hakuna aliyemtukana. Cynthia wa nyumba namba nne, aliyekuwa na kichanga, alikaa kwenye ngazi na ndoo ya nepi, akalia bila sauti. Kuna aliyeacha mche wa sabuni mlangoni.

Wiki ya tatu Mkamburi alifika dakika hamsini, mikono ina damu ya kuku, na Daisy akampanda mapajani. Akamshika. Mtoto akalala usingizi, akaamka, akaomba uji.

Alhamisi ya wiki hiyo Reuben mwenyewe alikuja, amebeba mitungi miwili. Hakuketi. Alisema tangi la kliniki limekauka, na kuna akina mama wawili wamelazwa, mmoja anakaribia kujifungua.

Mkamburi akaingiza mikono karoni. Mfereji ukatoa upepo. Alijaribu tena.

"Haitaki," alisema. "Nimetulia, kama ulivyonifundisha."

Reuben aliitazama saa yake, kisha akaitazama mitungi. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kliniki:

"Mkamburi, una hakika hiyo mikono ni safi?"

Maji yakatoka. Reuben akajaza mtungi wa kwanza, akaufunga, akasogeza wa pili.

"Jumatatu tutaanza upya," alisema. "Dakika tano."

Mkamburi hakumjibu. Alikuwa amefika mara ya nne, na akijibu angepotewa na hesabu.