Nyayo Ishirini na Tano

"Hivi mama, vijana wanne kupeana kijiti nako kunataka chuo kikuu?" Jirani yangu muuza mkaa aliniuliza hivyo siku moja, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikamjibu, "Kupeana si kazi, jirani. Kazi ni kupeana mkiwa mbioni." Maneno hayo hayakuwa yangu, ni ya mwanangu, mkimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti chuoni kwao.

Michezo ya wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali ilipofika mjini kwetu, niliacha cherehani nikaenda uwanjani. Nilisali kwanza, kisha nikakaa upande wa kona, pale mkimbiaji wa nne anapopokea kijiti. Wa nne ni mwanangu. Wa tatu ni rafiki yake wanayemwita Twiga, kijana mrefu asiye na baba wala mama, ambaye amekula kwangu mpaka akaacha kubisha hodi.

Kabla ya mbio nilimwona mwanangu akipima. Alianzia kwenye mstari wa eneo la kupokezana, akarudi nyuma kisigino kwa kidole, nyayo ishirini na tano, akabandika plasta nyeupe chini. Twiga akiikanyaga plasta ile, yeye anachomoka bila kugeuka. Siku hiyo alipima amevaa ndala. Nikasema moyoni, labda viatu vya misumari vinambana.

Twiga alikuja kama mshale. Mwanangu akachomoka, mkono nyuma, kijiti kinautafuta wala hakiufikii. Kilipoufikia walikuwa wameshavuka mwisho wa eneo. Mwamuzi akainua bendera. Timu ikatolewa hapo hapo, kwenye mchujo.

Mchana wakaja nyumbani wote wawili. Twiga hakugusa chakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kula."

"Hakipiti, mama." Akamgeukia mwanangu. "Kaka, niambie ukweli. Nilichelewa?"

Mwanangu akatazama sahani. "Uliishiwa nguvu mwishoni, Twiga. Ndiyo michezo."

"Basi mwalimu wetu wa mbio yuko sahihi kunilaumu. Saa kumi anapeleka majina ya timu mpya, mimi simo. Na chuo kinalaza bwenini walio kwenye timu tu." Akajaribu kucheka. "Mama, utanipa kona ya jikoni?"

"Jikoni kuna panya wakubwa kuliko wewe," nikamwambia. Akacheka kidogo, akaaga, akaenda kufungasha.

Nilipofagia mlangoni nikaziona ndala zile zile, pana kama ubao wa kukatia nyama. Mwanangu ndiye aliyekuwa amerudi nazo.

"Hizi za nani?"

"Za Twiga. Aliniazima asubuhi, zangu zilikatika."

Nimeshona nguo miaka ishirini. Nikashusha futi kutoka shingoni, nikapima ndala, kisha kiatu chake cha mbio. Ndala ilizidi kwa vidole vitatu.

"Siku zote unapima na kiatu gani?"

Akakitazama kile kiatu cha mbio.

"Mimi shule yangu iliishia darasa la saba," nikasema, "lakini vidole vitatu mara ishirini na tano najua ni zaidi ya mita. Plasta uliiweka mbali. Uliondoka mapema. Mwenzio angekufikia kwa mabawa?"

"Mama, nilikuja kugundua kule kule uwanjani, nilipozivaa tena ndala baada ya mbio."

"Na hukufungua mdomo."

"Nikisema, nitakayetolewa ni mimi."

"Najua."

"Miaka mitatu ya mazoezi, mama! Alfajiri zote zile ulizoniamsha wewe mwenyewe!"

"Nilikuamsha, ndiyo. Na wewe ukitolewa bwenini, kitanda chako kipo kile pale, nimekitandika. Chake kiko wapi?"

Akakaa, kichwa mikononi. Sikumsogelea. Marehemu baba yake alikuwa seremala, na aliwahi kuvunja kabati zima la mtu kwa sababu alikosea mlango, mteja mwenyewe hata hajaona. Kijana huyu alikuwepo, alimshikia misumari. Sikumkumbusha. Nilirudi kwenye cherehani nikaendelea na sketi ya watu, huku namwomba Mungu kimoyomoyo asiufanye moyo wake kuwa mgumu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Nikasikia kiti kinasogea.

Alizikung'uta ndala vumbi, akachukua na kiatu kimoja cha mbio, akavibana kwapani. Akaivuta futi niliyoiweka mezani kwangu. Akatoka, akashika njia ya chuoni kwa mwalimu.