Shokapu za Mtu Mmoja

Modeste hakuwahi kukanyaga mlima wa theluji maishani mwake, lakini Jumamosi ile, amekaa juu ya gunia la mchele ndani ya duka la maman Mathilde, barabara ya Chaussée de Wavre mjini Bruxelles, aliuzungumzia kama mtu aliyezaliwa huko. Kwenye simu, spika ikiwa wazi, alikuwa binti yake Mignonne, muuguzi kule kaskazini ya Suède, yaani Uswidi. Siku zake za mapumziko Mignonne hupanda milima na pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu: mbele ina miguu miwili ya kuteleza, nyuma ina mkanda mpana unaoisukuma. Shokapu za nyuma, zinazokaa ndani ya mkanda huo, zilikuwa zimekufa. Alitaka kufunga nyingine, si zile za kiwandani bali za mafundi wanaojua milima, na alikuwa amemtumia baba yake picha za aina mbili ili achague.

Achague yeye! Kabla vita havijamleta huku, Modeste alikuwa fundi wa pikipiki kule Kadutu, mjini Bukavu. Tangu picha zifike alikuwa anatembea kama bwana harusi. Na tuseme ukweli, hamu ya mtoto wake ilikuwa inamla. Tangu wamzike mama yake, Mignonne hakuwa amerudi Bruxelles, na Modeste hakuwa amekwenda kule kwa sababu hakuitwa. Kwake yeye, mzazi hajialiki kwa mtoto. Mtoto akishatulia, ndiye anayesema: papa, njoo uone ninapoishi. Kwenda bila kuitwa ni kwenda kuomba. Basi alikuwa anangoja neno hilo, na kila simu ilipokatika bila neno hilo alijiambia labda ijayo.

"Papa, umeona maphoto?"

"Nimeona. Chukua ile ya ressort," alisema Modeste, yaani ile ya springi za chuma. "Tena ile munene kabisa."

"Iko nzito, papa. Ile ingine iko ya hewa, nyepesi."

"Hewa! Hewa ni ya mupira ya kuchezea. Mi nilifunga ma-amortisseur, shokapu hizi hizi, Kadutu mpaka nikachoka, hakuna hata moya ilinirudia. Chuma, ma fille, mutoto yangu."

"Alors, juu ya nini mugongo inaniuma, na ile niko nayo ni ya chuma?"

Maman Mathilde alikuwa anakunja vitenge nyuma ya kaunta, masikio yote kwenye simu ya watu. Aliguna.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. "Papa Modeste, ile moto, ile pikipiki ya Kadutu, ilikuwa inabebaka nani?"

"Batu! Mwenye kuendesha, maman mwenye mutoto mugongoni, na gunia ya makala ya kupikia."

"Na ile ya Mignonne?"

Modeste alisogeza simu karibu na mdomo. Kisha aliuliza polepole, "Mignonne, nyuma yako kunakaaka nani?"

"Nyuma? Hakuna muntu, papa. Niko peke yangu."

Loo! Fundi mzima, na swali la kwanza la kazi hakuuliza. Lakini Bukavu nani angeuliza? Kule ukiona pikipiki imebeba mtu mmoja, ujue inapelekwa gereji. Ila hilo halikuwa lote, na maman Mathilde, mwanamke asiyefichwa kitu, alikuwa anamtazama usoni. Ile nafasi ya nyuma Modeste alikuwa ameshaikalia zamani. Katika mawazo yake alikuwa amevaa koti nene, ameshika mabega ya mtoto wake, wanapanda mlima huku anapiga kelele za woga na furaha. Shokapu alizokuwa anachagua zilikuwa za kumbeba yeye.

Angeng'ang'ania chuma, Mignonne angetii. Lakini kazi yake aliijua. Springi ngumu chini ya mtu mwepesi haziinami, pua ya mashine inazama kwenye theluji laini, na kila tuta linamrudia mpandaji mgongoni. Na mgongo wenyewe ni wa mtoto wake.

"Chukua ya hewa," alisema. "Ya muntu moya. Yenye kufaa kilo zako we mwenyewe, usiongeze kitu. Mi njo nilikosea."

"Bon. Na ni muzuri pia, papa. Ile ya hewa, siku muko babili, unapiga pompe tu, unaongeza kidogo."

"Babili gani?"

Wawili, na amesema yuko peke yake? Maman Mathilde aliacha kukunja.

"Hapana, nilisema tu," alijibu Mignonne.

"Mignonne. Babili gani?"

"Papa, mukubwa haitwake na mutoto. Maman yangu njo alinifundisha vile: mukubwa unamufwata kwake, haumwite kama mutoto wa kutuma sukari. Na mi huku, kila mara naomba congé, ruhusa ya kukuya, banakatala. Nilisema labda siku moya we mwenyewe utasema unakuya."

Mungu wangu! Majira yote yale ya baridi, huyu anangoja kuitwa, yule anaogopa kuita, na heshima imekaa katikati yao imekunja mikono. Modeste alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akashika paji la uso.

"Niite," alisema. "Nakuomba, mutoto yangu. Niite."

"Kuya, papa."

Modeste alisimama. Alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, kana kwamba simu ina macho.

"Papa? Papa, unasikia?"

Maman Mathilde alizunguka kaunta, akaitwaa simu mkononi mwake.

"Amesikia, ma fille," alisema. "Eko analia. Ngoya kidogo."