Kubandika Matundu

Verlin Tackett alikubali kwenda uwanja wa shabaha kwa sharti moja tu: hashuki kwenye pikapu.

"Mimi leo ni dereva," alisema.

"Dereva gani, na usukani nimeshika mimi?" mkewe Lorna akamjibu, huku akikunja kona ya barabara ya changarawe.

"Basi mlinzi. Nitalinda pikapu."

Lorna akacheka, lakini moyoni hakuwa na raha hata chembe. Mwaka mmoja na nusu mumewe alikuwa hajakanyaga pale, na yeye alikuwa na haja moja tu Jumamosi ile, wala haikuwa ushindi. Alitaka Verlin afungue mlango wa pikapu na kushuka.

Maana zamani ukitaja mashindano ya bunduki tatu katika vilima vile vya Ozark, umemtaja Verlin. Miaka ishirini na miwili alishindana: bastola kiunoni, bunduki ndefu, na shotgani ya marisau, mtu anakimbia kutoka hii kwenda ile huku saa inahesabu. Kisha ukaja ugonjwa wa kutetemeka. Siku moja, akiwa anashindilia risasi, kidole kikaruka chenyewe kwenye kifyatulio, na risasi ikapiga udongo shubiri moja kutoka kwenye buti la rafiki yake Gaylon, msimamizi wa uwanja. Hakuumia mtu. Gaylon akamtoa mashindanoni, kama sheria inavyotaka.

Sasa, klabu ile ina desturi yake. Ukitolewa huendi nyumbani. Unafunga bunduki zako, halafu unabaki hadi mwisho ukibandika selotepu kwenye matundu ya risasi ili wenzako wapate shabaha safi za karatasi, unasimamisha sahani za chuma zilizoanguka, na unataniwa mpaka ukome. Karibu wote walishaonja. Verlin peke yake ndiye aliyebeba mizigo yake akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile simu za Gaylon hakupokea, na kutwa alikaa jikoni akitazama ndege dirishani. Jamani, kumwona mwanamume yule akinyauka vile kulimuuma Lorna mpaka kwenye mifupa.

Ndipo mama huyu wa miaka sitini na moja, mpishi wa shule, ambaye maishani alikuwa amepiga risasi nyoka wawili tu, akasimama mbele ya kiti cha mumewe akasema, "Nifundishe."

Wakafanya mazoezi jikoni majira yote ya joto, Lorna akijaza shotgani kwa risasi za bandia. "Nne kwa mkupuo, mama, si moja moja!" Verlin alikuwa akifoka kitini, macho yanang'aa. "Hizo si maharage unachambua!" Lorna angeweza kuangusha risasi zile sakafuni mwaka mzima, mradi asikie sauti ile.

Uwanjani Gaylon alimkumbatia, akawasomea wageni sheria za usalama, kisha akamweka Lorna wa mwisho katika kundi lake ili aone kwanza wenzake wanavyofanya. Hakumuuliza habari za Verlin. Alitazama tu kule kwenye pikapu, akaona gazeti limefunguliwa dirishani, akashusha pumzi.

Kituo cha kwanza Lorna alikwenda polepole mno. "Hata konokono amekupita, shosti!" akapiga kelele Trish, muuguzi wa meno aliyekuwa kundi lao, na watu wote wakampigia makofi. Alimaliza wa mwisho kwa mbali, akacheka nao.

Kituo cha pili kilianza na shotgani. Angusha sahani tano, funga sefti ili bunduki isifyatuke, iweke ndani ya pipa, kimbilia bunduki ndefu. Verlin alimkariria mara mia: sefti kwanza, pipa baadaye. Saa ikalia. Sahani ya kwanza ikaanguka. Ya pili, ya tatu. Akajaza risasi nne kwa mkupuo, nne nzima, bila kuangusha hata moja! Akatupa jicho kwenye pikapu, akaona gazeti limeshuka. Verlin alikuwa anatazama. Furaha ikampanda kichwani Lorna, akaangusha sahani mbili zilizobaki, akatumbukiza shotgani pipani, mbio.

"Simama!"

Akasimama. Gaylon alichungulia pipani, halafu akainua uso umemshuka.

"Shemeji..."

"Sefti?"

"Iko wazi."

"Sema basi, Gaylon. Usinihurumie."

"Umetolewa, shemeji."

Zilifunguliwa bunduki zote, zikahakikiwa, zikatiwa mifukoni. Lorna akazibeba hadi kwenye pikapu akijilaumu njia nzima. Nimeharibu, alijiambia. Mpumbavu mimi, nimeharibu kila kitu.

Verlin akateremsha kioo. "Pole, mama," alisema taratibu. "Ingia, twende nyumbani."

Na Mungu anajua, Lorna alitamani kwenda. Machozi yalikuwa yamefika puani.

"Siwezi," akasema. "Nimetolewa. Nina kazi ya kubandika."

"Watabandika wenyewe."

"Wewe uliwahi kumruhusu nani aondoke, Verlin? Miaka ishirini na miwili, nani?"

Verlin akainamia gazeti lake. Lorna akafuta pua kwa mkono wa shati, akageuka akaenda.

Trish akampa selotepu ya kahawia bila utani wowote. Uwanja ulipotangazwa salama, Lorna akaanza shabaha ya kwanza, tundu baada ya tundu, haoni vizuri. Ndipo akasikia mlango wa pikapu yao. Aliujua mlio wa bawaba ile, miaka mitatu alimwomba Verlin aitie mafuta. Hakuthubutu kugeuka. Zikaja hatua za kuburuta juu ya changarawe, moja moja, mpaka nyuma yake.

"Unabandika ovyo," ikasema sauti ya mumewe. "Ona pembe zinavyoinuka."

Verlin akaichukua ile selotepu. Vidole vikatafuta ncha, vikaikosa, vikatafuta tena. Kundi zima lilikuwa likitazama. Mikono ilimwasha Lorna kutaka kumpokonya, akaizuia. Mwishowe akanyoosha mkono polepole, akachana kipande, akakibandika kwenye kiganja cha mumewe.

Verlin akakikandamiza kwa kiganja kizima juu ya tundu. Kikashika.

Gaylon akawa amefika. "Siku ile ulituachia vituo vitatu," akasema, na sauti yake haikuwa imara. "Nilibandika peke yangu mpaka mgongo ukakatika."

"Nilikaribia kukutoboa mguu, Gaylon." Verlin hakumtazama. "Usiku silali."

"Si ulikosa? Miaka yote nawaambia watu huyu mzee hana shabaha, hawanisikii."

Trish akaangua kicheko, na wote wakamfuata. Verlin naye akacheka, mabega yanamtikisika, na safari hii haikuwa kwa ugonjwa. Gaylon akamshika bega asimwachie.

"Haya, watu wanangoja zamu," Verlin akasema, akanyoosha kiganja kwa mkewe. "Lete kingine, mama. Haya ya chini bado."

Lorna akachana kingine.