Majani ya Bombo

"Hapana," alisema Mama Kulusum, akasimama mbele ya uzio wake kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani.

Mama yangu, Emérence, alibaki na beseni tupu mkononi. Nyuma ya jirani yetu mmea wa bombo ulikuwa umetambaa uzio mzima, umejaa maua. Nusu ya mtaa wetu wa Kisugu ilichuma pale. Waganda waliyachemsha majani yake kuogeshea watoto wachanga, wapate bahati na ngozi safi, na Mama Kulusum, Mnubi mwenye domo na moyo mkubwa, aliwapa bure. Mama naye aliyajua tangu Bukavu. Kwao yalikuwa dawa ya homa. Na mwanangu Tresor, hata arobaini hajatimiza, mwili ulikuwa unamchemka, titi halitaki.

"Mutoto moto namna hii, majani hapana. Beba yeye, twende hospitali. Sasa!"

"Anatunyima juu tuko wakimbizi," mama aliniambia, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Nilimwamini, na hasira zilinipanda. Majani tu, yanayoota yenyewe! Lakini woga ulizidi hasira, na Mama Kulusum alikuwa ameshasimamisha boda. Tulipanda yeye, mimi na mtoto. Mama akatufuata kwa miguu, beseni mkononi.

Hospitalini walisema wadudu wameingia kwenye damu. Walimtundikia dripu, na jioni Tresor akanyonya. Nililia mbele za watu bila aibu. Leo ananivunjia vikombe kwa mpira wake, ndiyo maana naweza kuyasimulia haya.

Mama hakulia. Alimgeukia jirani yetu pale kwenye benchi.

"Mbona wengine unawapa?"

"Wale wazima. Bombo ni ya kuogesha mutoto muzima." Mama Kulusum alikuwa anatazama sakafu. "Wangu wa kwanza alishikwa na moto hivi. Mimi naogesha tu. Naogesha, nangoja."

Mama aliliweka beseni chini.

Tangu Tresor azaliwe, mama alikuwa hajamwachia mtu yeyote ila mimi ambebe. Hata baba yake alimshika kwa ruhusa. Sasa mama alimtoa mikononi mwangu taratibu, mrija na vyote, akamlaza mapajani mwa Mama Kulusum.

"Mushike kichwa," akamwambia.