Jumapili Iliyokatwa

Wakili Dominika alikuwa anapangusa vumbi kwenye kompyuta yake pale fundi Shakiru alipopanda ngazi na sidii mbili mkononi. Moja ilitoka polisi, nyingine ilikuwa ya programu mpya. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati mjini Moshi. Ulikuwa mwaka 2003, na mjini pale kompyuta ilikuwa bado inafunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni aliyelala.

"Hii inapanga ushahidi," Shakiru alisema huku akiiingiza ya programu. "Kila picha inapewa namba ndefu, kama alama ya kidole. Mtu akiigusa picha kidogo tu, namba inabadilika, unamkamata. Na ikiona kuna kitu kimekatwa, inakitafuta."

"Inakitafuta wapi?"

"Hukohuko kilikotupwa, Mama Wakili."

Mteja alikuwa Eliufoo, kijana wa Kibosho, mlinzi kwenye ghala la kampuni ya kununua kahawa, mojawapo ya zile zilizochipuka baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa watu binafsi, zikiwa na magari mapya na ahadi mpya. Magunia yalikuwa yamepotea Jumapili asubuhi. Meneja wa ghala, Bwana Anaeli, ndiye aliyefunga kamera, ndiye aliyehifadhi picha, na ndiye aliyezipeleka polisi. Kwenye picha hizo Eliufoo anafungua geti na ghala limejaa. Mara ghala ni tupu. Katikati hapakuwa na kitu, na polisi waliona kwamba hapo ndipo Eliufoo alipoiba.

Programu ilitafuta kwenye sidii ya polisi asubuhi nzima. Dominika alikuwa anakunywa mtori wake wa mchana pale mashine ilipolia kidogo, na dakika zilizokatwa zikaanza kutoka kwenye tundu la sidii. Ilitangulia kengele ya kanisa, likafuata jua la asubuhi, kisha geti, kisha pikapu. Zikajipanga kwenye pembe iliyo kati ya kabati la mafaili na dirisha, na pembe ile ikawa Jumapili. Eliufoo alisimama getini na sweta lake la kijani. Bwana Anaeli akashuka kwenye pikapu, amevaa suti ya kanisani.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Wahi misa, bwana. Nitafunga mwenyewe."

Eliufoo akashukuru sana, akaondoka. Bwana Anaeli akavua koti, akalitundika kwenye kabati la Dominika, akaanza kupakia magunia. Alipomaliza alivaa koti, pikapu ikaondoka, kengele ikalia, na mambo yakaanza upya.

"Imepata," Shakiru alisema. "Usizime."

Dominika akasogeza meza kupisha gari.

Tatizo likawa namna ya kuifikisha Jumapili mahakamani. Haikuingia kwenye bahasha. Shakiru alijaribu kuinakili, akaharibu sidii nyingi na kuambulia kengele peke yake. Mwishowe hakimu, mtu aliyependa taratibu, akaamua mahakama ihamie ofisini kwa wakili. Wakapanda wote: hakimu, karani, mwendesha mashtaka, Eliufoo na pingu zake, mkewe Mektrida, na Bwana Anaeli, shahidi wa serikali, ambaye siku hiyo alivaa suti ileile.

Wakatazama. Bwana Anaeli wa Jumapili alipopita na gunia alimkanyaga hakimu, akasema samahani. Hakimu akasema si kitu. Bwana Anaeli shahidi naye akarudi nyuma kidogo, akajipisha.

"Shahidi," Dominika aliuliza, "huyu anayepakia ni nani?"

"Anafanana na mimi."

"Ni wewe?"

"Mheshimiwa, mimi nimesimama hapa, mnaniona. Yule anabeba magunia. Mtu atafanyaje yote mawili?"

Mwendesha mashtaka akatikisa kichwa kukubali. Karani akaandika.

Eliufoo hakuwa anamtazama meneja. Alikuwa anajitazama mwenyewe pale getini, akiinama na kushika mikono pamoja. "Nilimshukuru," alimnong'oneza mkewe. "Mbona nilimshukuru hivyo?"

Dominika akatoa ile namba ndefu, akaeleza kwamba haikubadilika hata tarakimu moja, kwa hiyo dakika hizo ni za kweli. Hakimu akamsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akauliza kamera ni ya nani.

"Iko chini yangu, Mheshimiwa," alisema Bwana Anaeli.

"Kitu kilichotoka kwenye mashine lazima kithibitishwe na mwenye dhamana ya mashine. Unaithibitisha Jumapili hii?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niliithibitisha ile ya polisi."

"Basi mahakama haijaona kitu," hakimu alisema, akakung'uta vumbi la kahawa begani, akaizunguka pikapu na kushuka ngazi.

Eliufoo akafungwa. Kampuni ilimpandisha cheo Bwana Anaeli kwa kuwa na kamera imara. Dominika alikata rufaa, akajibiwa kwamba aambatanishe kielelezo. Mwenye nyumba alikuja kulalamika kuwa mkataba haukuruhusu magari ghorofani, akalitazama lile jua, akaomba aruhusiwe kuanika mahindi yake.

Mektrida aliendelea kushuka kutoka Kibosho. Mwanzoni alikuwa anapitia gerezani. Huko aliongea na mumewe kupitia wavu, naye alikuwa amekonda. Baadaye akawa anakuja moja kwa moja ofisini na kikapu chake. Alikuwa anakaa karibu na geti, anamenya ndizi za kupika nyumbani, na kila Eliufoo alipotokea na sweta la kijani alimwamkia mkewe kama mtu mwenye asubuhi njema, nao wakaulizana habari za watoto.

Siku moja Dominika akaacha kuandika.

"Mama, kwa nini humwambii? Mwambie asiondoke pale getini."

Mektrida akamtazama mumewe akienda zake misa, anapiga mluzi.

"Huyu hajui kitu bado," alisema. "Mwache."