Aliyeachiwa Ukuta

Zamani pale palikuwa kijiji, na kijiji chenyewe hakikuwa na kuta. Nyumba na nyumba zilitenganishwa na ua wa miti tu. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Mama akitaka kutoka hupaza sauti, “Jamani, mtoto huyo!” kisha huyoo, kashika njia. Hangoji kujibiwa. Mwenzake labda yuko jikoni, moshi umembana, lakini jicho lishamfikia mtoto. Kimya kilikuwa jibu.

Jiji halikuja kwa kishindo. Lilikuja kiwanja kwa kiwanja. Huyu kauza asomeshe mwanawe, yule kauza kwa kuwa huyu kauza, hata wenyeji wakabaki mmoja mmoja kama meno ya bibi kizee. Ua ukang'olewa, zikapanda kuta zenye vipande vya chupa juu.

Mshonaji hakuuza. Alibaki na cherehani yake na kitindamimba wake, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi shavuni. Wifi yake alimwonya:

“Wifi, kule nyuma mafundi wamechimba shimo la choo, na mvua hizi limejaa. Huyu mtoto umwangalie.”

“Wewe nawe kwa hofu! Huyu analelewa na kijiji kizima.”

“Kijiji kipi? Mie nakuona wewe na cherehani.”

Wakacheka. Laiti wasingecheka.

Asubuhi moja bibi harusi alipiga simu akilia, gauni limembana. Mshonaji akachukua sindano na uzi, akasimama chini ya ukuta wa mpangaji, jirani yake mpya, akaita kama alivyokuwa akiita mama yake: “Jirani, mtoto huyo! Nafika hapo mbele, narudi sasa hivi!”

Kimya. Naye akakichukua kuwa jibu. Mama unayesoma, hapo ndipo alipokosea.

Aliporudi alikuta kandambili moja mlangoni. Akaita, akaita tena. Akagonga geti la jirani. Mpangaji akatoka, mwanawe mgongoni, mswaki mdomoni.

“Kumbe ulikuwa unaniita mimi, dada? Nilisikia tu kelele.”

“Kidoti yuko wapi?”

“Yule mwenye alama shavuni? Nilimwona nikiwa dirishani, anaelekea nyuma. Nikajua ana mwenyewe.”

Mafundi walimtoa shimoni kwa ngazi. Maji yale yasingemfika mtu mzima kifuani.

Msibani walirudi wale waliouza, wakalia kuliko wafiwa. Mpangaji naye alilia. Alaumiwe kwa lipi? Hakukabidhiwa kitu.

Mwezi haujaisha, sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ukuta: “Mama Kidoti, nitupie jicho kwa mwanangu, naenda dukani!”

Mshonaji akaacha sindano kwenye kitambaa, akazunguka mpaka getini, akagonga. Lilipofunguliwa akanyoosha mikono.

“Mlete hapa,” alisema. “Mtoto haachiwi ukuta. Mtie mikononi mwangu, unione nimempokea.”