Nusu ya Pili ya Bawa

Maman Monique alimuota yule mdudu wa jiweni hata mchana. Akisinzia tu kando ya rundo lake la mawe ya kuponda kokoto, nyundo mapajani, bawa linainuka taratibu juu ya ukungu wa ziwa, jepesi, lina vitundu kama kitambaa cha dantela. Mara nyundo ya jirani inalia ngo! Anaamka na vumbi mdomoni.

Bawa lenyewe alilipata yeye. Alipiga jiwe bapa, likapasuka kama mkate, na kila nusu ina alama ya bawa. Nusu moja aliilaza kwenye kaburi la mtoto wake, aliyekufa siku aliyozaliwa, hajapewa jina, hajafungwa mgongoni hata mara moja. Kaburi lisilo na maandishi, jamani, angalau liwe na bawa. Nusu nyingine alimpa Fanny, binti wa jirani anayechunguza wadudu wa kale chuoni.

Na leo Fanny huyo amechuchumaa makaburini, lenzi mkononi.

“Maman, kwa nusu yangu kuko mushipa moja unagawanyika karibu na ncha. Wadudu wa jamii hii wenye tunajua, wao hawana. Lakini pengine ni nyundo yako ilikwaruza. Kama ni mushipa, tutauona na huku, ku nusu yako.”

“Na tukiuona?”

“Basi iko mududu mupya. Alishaisha duniani, na hakuna mutu alimujua. Atapewa jina.” Fanny akainamisha macho. “Lakini nusu zote mbili zitakaa mu labo ya chuo.”

Ala! Mtoto abaki hivihivi, bila hata bawa? Monique alimwomba Mungu waziwazi, midomo ikicheza, iwe ni mkwaruzo wa nyundo yake tu. Akamnyang’anya Fanny lenzi, akapiga magoti mbele ya jiwe la kaburini. Mwanzoni aliona ukungu mtupu. Kisha mishipa ikajitokeza, myembamba, mingi, akaufuata mmoja polepole hadi karibu na ncha. Hapo ukagawanyika. Moyo ulimuuma kweli.

“Angalia mwenyewe,” akasema. “Inagawanyika.”

Fanny alitazama, akapiga kelele ya furaha, halafu akaona haya. “Maman, ukikatala, naliacha hapa. Sitakukasirikia.”

Monique akageuka kutazama bondeni. Chini kule ziwa lilikuwa jeupe, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi.

“Ile jina, nani anatoa?”

“Ni mimi nitaandika. Lakini nataka itoke kwako.”

“Camille,” akasema Monique. Alikuwa nalo moyoni siku zote, na hajawahi kulitamka. Alilisema tena, ili alisikie vizuri.

Fanny akafungua mfuko wake, lakini Monique alikwisha kuvua kitenge cha juu. Akalifuta jiwe, akalifunga mgongoni, akalikaza kifuani kama mama yeyote, wakashuka pamoja hadi mtaa wa Nyawera kutafuta pikipiki.

“Maman, mutoto analala?” akauliza motari, akiwasha pikipiki yake.

“Analala,” akajibu. “Anaitwa Camille. Usiende mbio.”